Ukifungua BSA Bantam, Unafungua Pikipiki ya Mjerumani

Tuseme umepata BSA Bantam kuukuu, imekaa stoo miaka na miaka, nawe umeamua kuifufua mwenyewe nyumbani. Kabla hujashika spana, jiulize: hii ni pikipiki ya nani hasa?

Nembo inasema BSA, kampuni ya Birmingham, Uingereza, na Bantam za kwanza zilitoka mwaka 1948. Lakini mchoro wake ni wa DKW RT 125, pikipiki iliyobuniwa na mhandisi Hermann Weber huko Zschopau, Ujerumani, na kuanza kutengenezwa mwaka 1939. Vita vilipoisha, washindi walichukua michoro hiyo kama fidia. Wasovieti walitoa M-1A Moskva, Harley-Davidson ya Marekani ikatoa Model 125, BSA ikatoa Bantam. Hata Wajapani, ambao vita waliishindwa, waliiga: Yamaha YA-1 ya mwaka 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya kampuni hiyo, ni ya ukoo huohuo.

Kwa nini wote waing'ang'anie? Fungua silinda uone. Injini nyingi za zamani za mipigo miwili, yaani zile za kuchanganya oili na petroli, zilikuwa na pistoni yenye nundu juu. Nundu ilizuia mchanganyiko mpya usitoroke pamoja na moshi, ila iliongeza uzito na joto. DKW walitumia ubunifu wa Adolf Schnürle: matundu ya silinda yanaelekezwa pembeni, mchanganyiko unazunguka wenyewe na kuusukuma moshi nje. Nundu haina kazi tena.

Sasa tazama pedali ya gia. Iko kulia, wakati ya RT ilikuwa kushoto. Waingereza waliugeuza mchoro kama sura kwenye kioo, dereva wao akute gia kwenye mguu aliouzoea, kisha wakahamisha vipimo kutoka milimita kwenda inchi. Ndiyo maana spana zako za namba 10 na 13 zinateleza. Usilazimishe, utakula kona za nati. Tafuta spana za Whitworth.

Weber mwenyewe alipelekwa Urusi, akafia huko mwaka 1948, mwaka uleule Bantam ilipoingia sokoni. Jina lake haliko kwenye tangi hata moja. Basi ukibadilisha kifaa, cha zamani usikitupe. Kitie kwenye kopo, andika kilikotoka. Huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya kazi ya mtu huyo utakayowahi kuishika mkononi.