Daftari la Sista Anuarite

Wahenga wametuachia neno: Haba na haba hujaza kibaba. Twalitaja mara nyingi tukihesabu fedha au mpunga. Leo twataka kulitumia kwa mambo ya moyo, na ushahidi wake tutautafuta katika historia ya Kanisa la kwetu.

Kila tarehe 1 Desemba twamkumbuka Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Kifo chake chajulikana hata na watoto wa katekisimu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, afisa wa waasi wa Simba alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, akapigwa, akajeruhiwa, mwishowe akauawa kwa risasi. Kabla ya kufa alimsamehe mwuaji wake. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Watu husema: Mungu alimtia nguvu saa ile. Ni kweli, maana neema yatoka kwa Mungu. Lakini tukiishia hapo twakosa nusu ya habari. Twaukumbuka usiku mmoja, na kuzisahau siku zaidi ya 1,900 zilizoutangulia. Alikuwa akifanya nini siku hizo zote?

Anuarite alizaliwa Wamba mwaka 1939. Nchi hiyo ilikuwa bado chini ya Vikariati ya Stanley Falls, yaani Kisangani yetu. Imani ililetwa huku na Mapadri wa Moyo Mtakatifu. Sikukuu ya Noeli mwaka 1897, Padri Gabriel Grison alianzisha misioni ya Saint-Gabriel karibu na maporomoko, akawatumikia watu wa nchi hii hata alipofariki mwaka 1942. Kila misioni ilikuwa na kengele yake. Kengele ikilia, watu waliamka; ikilia tena, walisali; kisha shule, shamba, katekisimu, na sala ya jioni. Wazee wetu walilelewa hivyo, siku baada ya siku, na katika malezi hayo ndimo alimokulia binti wa Wamba.

Akaingia utawa kwa masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959. Baadaye mama yake alitamani arudi nyumbani kuwasaidia ndugu zake, lakini hakurudi. Kazi zake hazikuwa za kushangaza: alifundisha watoto, alitunza vyombo vya kanisani, alisaidia jikoni. Kazi ambazo wengine walizikwepa, yeye alizipokea. Tena alikuwa na daftari. Humo aliandika makusudio yake, yaani mambo aliyonuia kuyashika ili ampendeze Yezu.

Daftari ni kitu kidogo sana! Lakini tuangalie vizuri faida yake. Mtu anayenuia kimoyomoyo husahau kabla jua halijatua. Aliyeandika hukuta neno lake lamngoja, nalo lamwuliza: Leo umefanya? Jibu likiwa hapana, kesho huanza tena. Mtakatifu Ignasi wa Loyola naye aliwafundisha wanafunzi wake kuichunguza siku yao mbele ya Mungu, na kulishughulikia kosa moja moja badala ya kupigana na yote pamoja.

Hapa Kisangani tuna mfano machoni petu kila siku. Wavuvi wa Wagenya husimika miti mikubwa katikati ya mawe ya maporomoko, wakaifunga kwa kamba za porini, wakatundika mitego yao mikubwa ya kusukwa. Kisha huenda kuitazama kila siku, samaki wakiwapo au wasiwapo. Maji yakija kwa nguvu, ni mti uliokwisha kusimikwa unaosaidia; hakuna anayetafuta mti wakati mkondo umekwisha kumchukua.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa 1964. Mapema mwezi wa Agosti waasi waliuteka mji wetu. Mwishoni mwa Novemba wakawachukua masista wa Bafwabaka kwa lori, wakawafikisha Isiro. Anuarite hakuwa na muda wa kujifunza uaminifu ndani ya lori. Alikuwa amekwisha kujifunza mbele ya ubao wa darasa na kando ya meko. Mfukoni alichukua kijisanamu cha Bikira Maria, na maiti yake ilipofukuliwa baadaye, kijisanamu hicho kilisaidia kumtambua. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri.

Labda mtu atasema: Desturi bila moyo ni kazi ya kasuku. Amesema kweli. Kasuku hurudia maneno asijue anamwambia nani. Anuarite alijua. Makusudio yake yote yalielekea kwa mmoja, Yezu, na kwa sababu hiyo yalimjenga. Desturi ni mtumbwi. Upendo ndio unaopiga kasia.

Sisi je, tufanye nini? Tuchague jambo moja dogo, wala tusichague kumi. Tulifunge na saa yake, ili tusilitafutie nafasi kila siku. Mama wa Mangobo aweza kutaja majina ya watoto wake mbele ya Mungu kabla ya kuwasha moto. Kijana wa toleka aweza kufanya ishara ya msalaba kabla ya abiria wa kwanza, na kuazimia kutotukana njiani. Mwenye kunywa mshahara wake aweza kupita nyumbani kwanza siku ya malipo. Jioni, mstari mmoja katika daftari: nimefanya, au sikufanya.

Hatujui saa yetu itakuja lini, wala itakuja na sura gani: ugonjwa, njaa, vita, au kishawishi cha fedha. Itatukuta tulivyo. Basi tusimike mti leo, maji yangali chini.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.