Jina la Mpishi

Mjukuu wangu wa kike anasomea upishi na kazi za hoteli. Likizo iliyopita alikuja kunijulia hali hapa Iringa, na jioni moja, tukiwa tumekaa jikoni tunaota moto, alinionyesha katika simu yake watu wa Ulaya na Marekani waliovaa makoti meupe, wakikaanga na kukoroga mbele ya umati unaowapigia makofi. Akanieleza kwamba wapishi hao ni matajiri, wana mahoteli na vitabu, na baadhi yao hujulikana kuliko mawaziri wa nchi zao. Kisha akaniuliza swali ambalo kwa mzee aliyefundisha historia lilipaswa kuwa jepesi: "Babu, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mpishi gani aliwahi kuwa maarufu?"

Nilinyamaza. Machifu niliwakumbuka, wamisionari niliwakumbuka, hata madereva wa mabasi ya zamani ya Iringa na Mbeya niliwakumbuka. Mpishi sikumpata hata mmoja. Nikamwambia nitamjibu kesho, kama nilivyozoea kuwaambia wanachuo waliponikamata. Makala haya ndiyo jibu langu, nalo limechelewa kuliko kesho.

Kwanza nilijiuliza umaarufu wa mpishi hutoka wapi. Mkono hodari peke yake hautoshi, maana wafalme wote wa dunia walikuwa na wapishi hodari na majina yao yamepotea. Chukua mfano wa Mfaransa Antonin Carême. Alitelekezwa na baba yake mjini Paris akiwa mtoto, siku za Mapinduzi ya Ufaransa, akaokotwa na mwenye mgahawa, akapanda hadi kumpikia waziri Talleyrand, na baadaye yule mwana wa mfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa George wa Nne. Lakini tunamjua leo kwa kuwa aliandika vitabu vyake mwenyewe na kuvichora picha. Auguste Escoffier naye alitawala jiko la Hoteli Savoy ya London kuanzia 1890, na mwaka 1903 akachapisha kitabu ambacho wanafunzi wa upishi wanakitumia hata sasa.

Baada ya kalamu ilikuja televisheni. Mwaka 1937 Marcel Boulestin alipika mbele ya kamera za BBC, wakati watu wenye televisheni walikuwa wachache mno. Mwaka 1963 mama mmoja wa Marekani, Julia Child, alianza kuwafundisha wenzake mapishi ya Kifaransa, akawa kama jirani wa kila nyumba. Mwaka 2005 televisheni ilimwonyesha kijana Jamie Oliver akiingia na kamera katika jiko la shule moja ya London, Kidbrooke, kuonyesha jinsi watoto walivyokuwa wakilishwa vibaya, hata serikali ikalazimika kuahidi fedha zaidi. Humo jikoni alimkuta mpishi wa shule, mama aitwaye Nora Sands. Kabla ya kamera hakuna aliyemjua nje ya shule ile. Baada yake akawa mtu wa magazetini, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha mapishi. Mikono yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alifungua mlango wa jiko na kutazama ndani.

Sasa turudi kwetu. Afrika Mashariki nayo ina wapishi wachache ambao majina yao yamesalia, na kila mmoja amesalia kwa sababu hiyo hiyo. Halima alikuwa mpishi wa David Livingstone, na yumo katika habari za Ujiji za mwaka 1871, Stanley alipofika. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba mama huyo alikuwa mwangalifu na hakuwa mwizi, na kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Hakufika Unguja akiwa hai; alifariki mwaka 1873. Nyumba na bustani zikabaki katika karatasi, na jina la Halima likabaki pamoja nazo.

Wa pili ni Kamante, kijana wa Kikuyu aliyempikia Karen Blixen katika shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Alifika kwa mama yule akiwa mtoto mchungaji mwenye vidonda vibaya miguuni, akapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akapona, akaingia jikoni. Hakujua kusoma. Kila sosi aliikumbuka kwa tukio la siku aliyofundishwa kuipika, kama vile siku radi ilipopiga mti. Mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni katika nyumba ile, akaisifu sosi iliyoandaliwa kwa nyama ya nguruwe. Sifa alimpa mwenye nyumba, kama ilivyo desturi ya mezani. Mama yule anasimulia kwamba alimfikishia Kamante sifa ile, na kwamba miezi mingi baadaye Kamante, akitamani kuisikia tena, alimwuliza ghafla kama yule mwana wa Sultani aliipenda sosi ya nguruwe.

Ndugu msomaji, nimelifikiria sana swali hilo. Mtu alipika chakula cha kulisha ufalme, akakaa miezi kadhaa na sifa ile moyoni, hana njia ya kuisikia tena ila kwa kuuliza. Kamante alibahatika: bibi yake alikuwa mwandishi. Kitabu kilitoka mwaka 1937, filamu ikafuata mwaka 1985, na dunia ikamjua.

Huku kwetu nao walikuwapo wapishi. Walowezi wa chai wa Mufindi walikula mkate kila asubuhi. Wachimba dhahabu wa Lupa, kule Chunya, walikula. Ndege za Imperial Airways, zilipofungua safari ya London hadi Cape Town mwaka 1932, zilitua Mbeya, na abiria wake hawakushiba kwa kuutazama mlima Loleza. Nyuma ya meza hizo zote alikuwapo Mhehe, Mbena, Msafwa au Mnyakyusa aliyewasha kuni alfajiri ya baridi. Hakuna aliyeandika habari zake. Aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu.

Ni rahisi kuwalaumu walowezi, na kwa miaka mingi darasani nimewalaumu. Lakini walipoondoka kalamu ilibaki mikononi mwetu sisi walimu. Tuliifanyia nini?

Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu katika nyanda hizi. Tulikuwa na mpishi ambaye nilimkuta na ambaye wote, mimi nikiwa wa kwanza, tulimwita Mpishi. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sukari haikuonekana, mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kijiko, na chuo kililetewa unga wa njano, ule tuliouita unga wa Yanga. Wanachuo mamia waliuchukia. Yeye aliupika ukalika. Wakati huo huo, kuanzia 1983, mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulioanza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, na akina mama walifundishwa kutia unga wa kimea katika uji. Nafaka iliyooteshwa hulegeza uji, hivyo mama anaweza kuongeza unga bila uji kuwa mzito, na mtoto mwenye tumbo dogo akapata nguvu ya kutosha. Nililieleza hilo kwa fahari mbele ya wanachuo, Mpishi akiwa amesimama mlangoni. Baadaye aliniambia kwa upole, "Mkuu, mama yangu alifanya hivyo kwa togwa kabla hujazaliwa." Nilicheka. Sikumwuliza mama yake alikuwa nani.

Kuna jambo jingine. Asubuhi moja alikuja ofisini akasema, "Mkuu, kijana mmoja wa bweni la pili hajachukua sahani yake tangu jana mchana." Tulimkuta amelala na malaria, hajitambui. Akafikishwa hospitali na akapona. Daktari nilimwandikia barua ya shukrani. Mpishi nilimwambia "vizuri," nikaendelea na kazi.

Nilikuwa na kisingizio changu, nacho ni methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku kwetu kwenye ulanzi methali hiyo inaeleweka upesi. Niliamini kwamba mtumishi akisifiwa ataharibika. Lakini mpishi yule hakusifiwa hata mara moja, na uji wake haukuzidi maji hata siku moja.

Miaka ya 1990 Serikali ilipokuwa ikipunguza watumishi, niliagizwa kuandaa orodha ya wasaidizi. Niliandika kwa mkono wangu: walinzi wawili, mtunza bustani mmoja, mpishi mmoja. Kwa idadi tu. Majina aliyajaza karani kutoka kwenye mafaili, nami nikatia saini bila kusoma. Hatukumfanyia sherehe. Alikuja kuniaga akiwa na mwiko wake uliofungwa kwa gazeti, akaniuliza kama anaruhusiwa kuuchukua.

Miaka mingi baadaye nilipata habari ya kifo chake, nikapanda basi kwenda kijijini kwao. Wasifu wa marehemu uliposomwa nilidhani nimefika msiba usio wangu, maana jina nililolisikia sikulijua. Kisha msomaji akasema marehemu alijifunza kuoka mikate akiwa kijana katika nyumba ya mlowezi wa chai huko Mufindi, na kwamba alikifanyia chuo chetu kazi kwa miaka ishirini na sita. Nikainamisha kichwa. Ile mikate ya Jumapili, ambayo wakaguzi kutoka wizarani waliisifu mezani kwangu nami nikaipokea sifa, nilikuwa sijawahi kuuliza ilitoka mkono uliofundishwa wapi. Yule mwana wa mfalme alikuwa mgeni wa usiku mmoja tu. Mimi niliishi na mpishi wangu ua mmoja.

Nilipoanza kuandika makala haya nilikwenda kwa mwanawe mkubwa kumwomba ruhusa ya kuchapa jina la baba yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha chai, kisha akasema, "Shikamoo yako ninayo, mwalimu, na sina ugomvi nawe. Lakini baba aliitwa Mpishi maisha yake yote pale. Ukiliandika jina lake leo, ni nani wa chuoni atakayemjua?" Akaniomba niliache liwe la nyumbani kwao. Nimeliacha. Ndiyo sababu, msomaji, hulikuti hapa, na kila unapoona nafasi yake katika ukurasa huu ujue ni deni langu.

Mjukuu wangu nilimjibu hivi: wapishi wakubwa tulikuwa nao, walioandika ndio waliokosekana. Naye akaniuliza chuo chao kina mpishi gani, kisha akajicheka, kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kujua. Aliporudi chuoni alinipigia simu wiki ile ile. Alikuwa ameingia jikoni, amemwamkia mama anayewapikia, amemwuliza jina lake, kwao, na nani alimfundisha kupika. Walizungumza hadi maharage yakaungua kidogo. Akanitajia lile jina, nami nikalirudia mara mbili ili nisilisahau.