Hermann von Wissmann (meli)

Hermann von Wissmann ilikuwa meli ya mvuke ya Wajerumani katika Ziwa Nyasa. Inakumbukwa hasa kwa kutekwa kwake na Waingereza tarehe 13 Agosti 1914, siku chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuanza.

Asili

Ilitengenezwa Hamburg. Fedha zilitokana na bahati nasibu ya kupinga biashara ya watumwa, na jina ni la mpelelezi Hermann von Wissmann aliyesimamia mpango huo. Vipande vyake vilipitishwa mito ya Zambezi na Shire. Kwenye maporomoko ya Shire vilibebwa nchi kavu na wapagazi wengi. Meli iliingizwa majini mwaka 1893.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Langenburg, kwenye hori ya Lumbira upande wa kaskazini wa ziwa, chini ya Milima ya Livingstone, si mbali na Matema katika wilaya ya Kyela ya leo. Baadaye makao ya serikali yalihamishiwa Tukuyu, iliyoitwa Neu-Langenburg, lakini pwani iliendelea kutegemea meli kwa mizigo, abiria na askari. Milima inashuka hadi majini, na njia za miguu zilikuwa ngumu.

Kutekwa

Agosti 1914 meli ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, yaani Liuli, mkoa wa Ruvuma. Nahodha wake Berndt hakuwa amepata habari za vita. Nahodha Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen alikuwa nazo. Wawili hao walifahamiana vizuri na walizoea kunywa pamoja.

Gwendolen ilifyatua mzinga kutoka umbali wa karibu kilomita mbili. Risasi kadhaa zilikosa kabla ya moja kupiga. Inasimuliwa kwamba Berndt alikuja kwa mtumbwi akiwa na hasira, akimwuliza rafiki yake kama amelewa. Alijibiwa kwamba nchi zao ziko vitani, na akachukuliwa mateka. Waingereza waling'oa sehemu za mashine na mzinga wa meli.

Matokeo

Magazeti ya London yalisifu tukio hili kama ushindi wa majini, na mpaka leo husimuliwa kama kichekesho. Kwa watu wa ziwani halikuwa dogo. Tangu siku ile Waingereza waliweza kusafirisha askari na chakula hadi Karonga bila kuzuiwa. Wajerumani walilazimika kutumia nchi kavu: Septemba 1914 kikosi chao kilivuka mto Songwe kwa miguu, kikashindwa karibu na Karonga. Mei 1916 Waingereza waliingia Neu-Langenburg.

Mei 1915 Waingereza walirudi Sphinxhafen na kuishambulia tena. Mwaka 1918 meli ilitengenezwa, ikasafiri chini ya bendera ya Uingereza kwa jina la Mfalme George.

*Jamii: Meli za Ziwa Nyasa, Historia ya Tanzania, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia*