Mafahali Wawili katika Zizi la Mawimbi

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Historia ya mawasiliano ya redio yatualika kuipima upya methali hiyo.

Mnamo Juni 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kutumia mtandao wa ALOHAnet, uliobuniwa na Norman Abramson na wenzake. Vituo vyote vilipeleka jumbe zao kwenye kompyuta kuu kupitia mkondo mmoja wa redio. Kila kituo kilisema kilipotaka. Jumbe mbili zikigongana, zote ziliharibika, na kila mtumaji alingoja kitambo cha kubahatisha kabla ya kurudia. Uhuru huo ulikuwa na bei yake: mkondo haukuweza kufikisha zaidi ya asilimia 18,4 ya uwezo wake. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza wakati ugawanywe katika vipindi sawa, na kiwango hicho kikawa maradufu.

Hata hivyo, hesabu hizo zilichukulia kwamba kila kituo ni kitiifu. Je, kikitokea kisichotaka kungoja? Hapo ndipo ilipohitajika nadharia ya michezo, ambayo John Nash aliipa msingi mpya mwaka 1950. Mwaka 2001 MacKenzie na Wicker waliitumia kuchunguza watumiaji wachoyo wa Aloha. Kutuma kusipogharimu kitu, kila mmoja hushawishika kutuma daima, na hakuna asikiwaye. Kukiwa na gharama, kama vile nguvu ya betri, kujizuia huweza kuwa faida ya mwenyewe.

Basi mafahali waweza kukaa zizi moja, si kwa hisani, bali kila mmoja anapolipia kelele zake.