Ng'ombe Mgeni Zizini: Mambo Yaliyotokea Rhodesia Mwaka wa 1901

Mtu anunuapo ng'ombe mnadani hutazama meno, kiwele, miguu na unono wake, kisha hulipa fedha na kumswaga nyumbani. Jioni ile ile mnyama huingizwa zizini pamoja na wenyeji, na asubuhi hutoka nao kwenda malishoni. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kununua imekwisha. Lakini yako mambo mawili yasiyoonekana mnadani: maradhi anayoyachukua mnyama huyo kutoka kwao, na maradhi yanayomngoja huko aendako. Ili tujue gharama ya kutoyajali mambo haya, na tutazame habari za Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo huitwa Zimbabwe.

Mwaka wa 1896 sotoka ilivuka mto Zambezi ikaingia nchi zile za kusini. Ugonjwa huo ulikuwa umeteremka kutoka pande za Uhabeshi, na wanahistoria wengi husema kwamba uliingia huko mwaka wa 1887 pamoja na ng'ombe walionunuliwa ng'ambo kwa ajili ya jeshi la Italia, wakashushwa Massawa. Kote ulikopita, makundi ya ng'ombe yaliteketea. Baada ya sotoka, na vita vya Waingereza na Makaburu vilivyoanza mwaka wa 1899, Rhodesia ilikuwa na njaa kubwa ya ng'ombe. Maziwa yalipungua, na maksai wa kuvuta magari hawakutosha.

Basi, wakubwa wa nchi wakaazimu kununua ng'ombe mbali. Wengine walitoka pwani ya Afrika ya Mashariki, wakapelekwa kwa meli mpaka bandari ya Beira katika Msumbiji. Wengine walitoka Australia, kwa shauri la Cecil Rhodes, ili wagawiwe walowezi. Wale wa Afrika ya Mashariki walionekana wazima kabisa, na hapana aliyewashuku. Wale wa Australia nao walikuwa wazuri wa kupendeza macho. Lakini walipofika na kulishwa katika malisho yaliyokwisha kukanyagwa na wale wa kwanza, mwaka wa 1901, walianza kufa upande wa Umtali, mji uitwao leo Mutare. Karibu wote wakafa.

Waganga wa wanyama walidhani ni ule ugonjwa wa kukojoa damu, ambao walikuwa wanaujua. Wakati wanaposhauriana, maksai wa magari waliendelea kusafiri katika njia kuu, wakilala na kulisha kila kituo. Homa ikafuata njia hizo hizo mpaka Salisbury na Bulawayo, na mwaka wa 1902 ikaonekana Transvaal. Sasa hawakufa ng'ombe wageni tu, bali na wale wa wenyeji ambao hawakununua wala kuuza mnyama hata mmoja. Wahenga walisema kweli: mchuma janga hula na wa kwao.

Mwaka wa 1903 serikali ya Rhodesia ilimwita Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, ambaye zamani alikuwa amechunguza magonjwa ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki. Alitambua kwamba homa hii si ule ugonjwa wa kukojoa damu, ila ni homa ya pwani ya Afrika, ambayo sisi huiita ndigana kali. Katika jambo hili alisema kweli. Lakini dawa aliyoishauri, yaani kuwachoma ng'ombe wazima sindano za damu ya waliopona, haikufaa kitu. Watu waliitumainia, nao ng'ombe wakazidi kufa.

Msaada ulipatikana kwa kumchunguza mdudu mdogo. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu huko Rasi ya Tumaini Jema, na Arnold Theiler wa Transvaal, walionyesha kwamba homa hii huchukuliwa na kupe, hasa yule wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Kupe huyu hunyonya mara tatu katika maisha yake, na kila mara akisha kushiba huanguka majanini, hukua, kisha hungoja mnyama mwingine. Akinyonya mgonjwa katika hatua moja, humwambukiza mwingine katika hatua ifuatayo. Kwa hiyo malisho yenyewe yalikuwa na ugonjwa, ingawa hapakuwa na ng'ombe mgonjwa hata mmoja ndani yake.

Jambo hili liligeuza ufugaji wote. Theiler alipata kwamba malisho yakiachwa bila ng'ombe kwa muda wa miezi 15 hivi, kupe wenye homa hufa kwa njaa au husafika, na nchi huwa salama tena. Tena, kupe aliyemshika ng'ombe hampi homa papo hapo, bali baada ya kunyonya siku kadhaa. Basi ng'ombe wakioshwa mara kwa mara, kupe hufa kabla ya kuambukiza. Huko Natal, Joseph Baynes alijenga josho la dawa ya aseniki mwaka wa 1902, na baadaye Watkins-Pitchford alionyesha kwamba kuogesha kila siku chache huweza kuizuia homa. Hivyo kwa josho, kwa ua, na kwa kuzuia ng'ombe wasihame ovyo, Afrika ya Kusini ilijitoa katika homa hii, lakini kazi ilidumu mpaka miaka ya 1950.

Haifai kusahau kwamba mzigo huo haukuchukuliwa sawasawa. Wafugaji Waafrika walitozwa ada za majosho na kuzuiwa kuhamisha ng'ombe zao, hata wa mahari, bila ya kuelezwa vema sababu zake. Mwaka wa 1914 watu wa Griqualand ya Mashariki waliasi na kuvunja majosho. Tena katika miaka ya 1970, wakati wa vita vya kupigania uhuru wa Zimbabwe, majosho mengi yaliachwa. Ng'ombe waliokuwa wakioshwa siku zote hawakuwa na nguvu ya kushindana na maradhi ya kupe, na inakadiriwa kwamba 1,000,000 walikufa. Dawa inayotegemewa peke yake, siku ikikosekana, hufungua mlango.

Sasa tuyalete mambo haya zizini kwetu. Katika nchi zetu zenye kupe wengi, ndama huumwa tangu utotoni. Wengine hufa, lakini waliopona hupata kinga, ingawa miongoni mwao wako wanaobaki na vijidudu katika damu. Ndiyo sababu ng'ombe wa Afrika ya Mashariki walionekana wazima kule Beira. Lakini ng'ombe aliyekulia mahali pasipo kupe hana kinga hiyo, kama wale wa Australia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei, bali liwe hili: mnyama huyu amekulia wapi?

Akiwa ametoka penye kupe, na aoshwe kabla ya safari na tena afikapo, na masikio yatazamwe ndani. Akiwa ametoka pasipo kupe, na achanjwe mapema kabla ya kuja. Chanjo ya ndigana ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970, na bwana mifugo aweza kumweleza mfugaji namna ya kuipata. Kisha mgeni na akae karantini, katika zizi lake na malisho yake, muda usiopungua mwezi mmoja, maana homa huweza kujificha hata majuma matatu. Tezi chini ya sikio zikivimba, na mwili ukiwa moto, aitwe mganga siku ile ile. Tangu miaka ya 1980 ziko sindano za kuiponya, lakini hufaa mapema tu. Pumzi ikisha kuwa nzito, mara nyingi tumechelewa.

Na jambo la mwisho, ambalo wengi hulisahau: ng'ombe akifa kwa ndigana, usinunue mwingine asiye na kinga ukamlisha mahali pale pale. Ngozi imeuzwa na machozi yamekauka, lakini kupe wangali wanangoja majanini, nao huweza kungoja zaidi ya mwaka. Mgeni huyo mfungie mbali, mlishe majani yaliyotoka mahali salama, na majirani wapatane kugawanya malisho, maana kupe hajui mpaka wa shamba. Kumtenga mnyama mmoja kwa mwezi mmoja ni kazi ya kuchosha, lakini ni kazi ndogo kuliko ile ya Rhodesia, iliyochukua nusu ya karne.