Pasaka Moja, Siku Mbili



Neno hili Pasaka tulilipokea kwa Wayahudi. Kwa Kiebrania ni Pesach, na maana yake ni kupita juu. Kwa kuwa usiku ule Bwana alipita juu ya nyumba za Waisraeli katika Misri, asiwaue wazaliwa wao wa kwanza. Kila nyumba ilichinja mwana-kondoo wa mwaka mmoja asiye na ila, ikapaka damu yake katika miimo ya mlango na kizingiti cha juu. Nyama ililiwa pamoja na mboga chungu na mikate isiyotiwa chachu, nao walaji wamevaa viatu na kushika fimbo, tayari kwa safari.

Sikukuu hiyo haikuwekwa iwe hadithi ya wazee waliokufa. Walimu wa Kiyahudi hufundisha ya kuwa katika kila kizazi yampasa mtu ajihesabu kuwa yeye mwenyewe ametoka Misri. Mboga chungu humkumbusha utumwa, na mkate usiochachwa humkumbusha haraka ya kutoka.

Wakristo wa kwanza hawakuitupa sikukuu hiyo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu. Kwa hiyo waiondoe chachu ya kale, yaani uovu. Hivyo kutoka Misri kukawa mfano wa kutoka katika utumwa wa dhambi.

Lakini baadaye ulizuka ugomvi. Makanisa ya Asia Ndogo yaliishika Pasaka siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, kama Wayahudi, ikiwa ni Jumatatu au ni Ijumaa. Kanisa la Rumi liliishika Jumapili, siku ya kufufuka. Basi ikawa ndugu mmoja angali anafunga, na mwenziwe amekwisha kula na kufurahi.

Yapata mwaka 155, Polycarp, askofu wa Smirna, alisafiri katika uzee wake mpaka Rumi, akazungumza na Askofu Anicetus. Polycarp alisema kwamba ndivyo alivyofanya pamoja na Yohana na mitume wengine. Anicetus alisema kwamba imempasa kushika desturi ya wazee waliomtangulia. Hakuna aliyemshinda mwenziwe. Je, waliachana kwa hasira? La, hasha. Anicetus alimheshimu mgeni wake, akampa nafasi ya kuongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa lake, nao wakaagana kwa amani.

Yapata mwaka 190, Victor, askofu wa Rumi, alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa sababu ya siku hiyo hiyo. Irenaeus, askofu wa Lyon katika nchi iitwayo leo Ufaransa, alishika Jumapili kama Victor; lakini alimwandikia barua, akamkumbusha habari za wazee wale wawili. Baraza la Nicaea la mwaka 325 liliagiza siku iwe moja kwa wote; hata hivyo, mpaka leo makanisa ya Mashariki na ya Magharibi hutofautiana miaka mingi.

Basi, chachu ni nini? Twadhani ni wizi na ulevi tu. Lakini mtu aweza kuishika siku iliyo sawa, huku akimfungia ndugu yake mlango. Naye bado ana chachu nyumbani mwake. Polycarp na Anicetus hawakupatana tarehe, lakini walikula meza moja. Hao ndio waliotoka Misri kweli.