Mgombea wa Tatu Katika Uchaguzi wa Marekani: Vipi Kura Zake Hukadiriwa



Ndugu zetu wenye jamaa Marekani huuliza kila unapokaribia uchaguzi wa rais wa huko: huyu mgombea asiye wa Republican wala Democratic, tunayesikia ana asilimia kumi na kitu, atazipata kweli? Kukadiria huku si ramli wala kudai elimu ya ghaibu. Ni hesabu ya yaliyopita, nayo karibu kila mara husema kuwa anachoonyeshwa katikati ya mwaka hakipati Novemba.

Mwaka 1980 John Anderson alivuka asilimia 20 katika kura za maoni, akaishia 6.6. Mwaka 1992 Ross Perot, tajiri wa Texas, aliwaongoza Bush na Clinton mwezi Juni kwa asilimia 39. Akajitoa Julai, akarudi Oktoba, akapata 18.9. Mwaka 2016 Gary Johnson alifika 9 hivi, akapata 3.3.

Sababu kubwa ni utaratibu wenyewe. Rais huchaguliwa na wajumbe 538, na anayeongoza jimboni hubeba wajumbe wote wa jimbo hilo, isipokuwa Maine na Nebraska. Perot alipigiwa kura karibu milioni 20 asipate mjumbe hata mmoja. George Wallace, mwaka 1968, kwa asilimia 13.5 tu alipata wajumbe 46, kwani watu wake walikuwa wamejikusanya majimbo ya Kusini. Basi mpiga kura siku zikikaribia hujiuliza faida ya kura yake, akarudi kwa yule mkubwa anayemchukia kidogo.

Kwa hiyo wajuzi hupunguza nusu au zaidi ya kinachosemwa Juni, na hutazama kama jina lake limekubaliwa kwenye karatasi za kura za kila jimbo. Huangalia pia kumbukumbu ya uchaguzi uliotangulia. Mwaka 2000 Bush aliishinda Florida kwa kura 537, na Ralph Nader alikuwa na zaidi ya 97,000 humo. Waliomlaumu hawakusahau: mwaka 2004 aliambulia 0.4 nchi nzima.

Lakini hesabu ya nchi nzima huficha mitaa. Mwaka 2024 Jill Stein hakufikisha hata asilimia 1 Marekani yote, ilhali Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu na Waislamu wengi, alipata kama 18 kwa hasira za Gaza. Trump aliongoza mjini humo kwa 42 hivi, Harris 36.

Wapo wanaosema kura hizo za Waislamu kwa Stein ndizo zilizompa Trump Michigan. Sivyo. Trump aliishinda Michigan kwa kura kama 80,000, na za Stein katika jimbo zima, Waislamu na wasio Waislamu, hazikufika 45,000.

Wallaahu a'lam.